Watoto wa jirani wakikuharibia mali: nilivyolimaliza langu

Jumanne moja, saa tisa alasiri, niliacha cherehani nikatoka uani kuanua vitenge. Doti sita, sare ya harusi ya Jumamosi. Nilikuwa nimeviloweka asubuhi ili vinywee kabla sijavikata. Nikakuta kamba imelala chini. Doti nne zilikuwa zimetandikwa juu ya benchi na ndoo, hazina neno. Ya tano iko kwenye tope la karo, imechorwa mkaa kuanzia pindo mpaka katikati. Ya sita imenasa kwenye msumari wa mlango wa choo na kuchanika urefu wa mkono mzima. Hapo walisimama watoto wawili wa jirani yangu, wa miaka 6 na wa miaka 4, mdogo bado ameshika kipande cha mkaa.

Tunaishi nyumba ya Kiswahili, Ngamiani, Tanga: vyumba sita, ukumbi katikati, uani mmoja, choo kimoja. Jirani wa nyumba kama hii huna pa kumkwepea, kesho alfajiri mtapishana mlango wa bafu. Basi ninayoyasema hapa ni ya mtu anayetaka haki yake na bado anataka kukaa hapo hapo.

Kwanza zuia mikono. Usimpige mtoto wa mwenzio hata kibao kimoja. Ukishampiga, habari ya vitenge imekufa, watu watabaki wanaulizana kwa nini umempiga mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo haikubali adhabu iliyozidi umri wa mtoto, wala kumwadhibu asiyeweza kuelewa anaadhibiwa kwa nini, na huyo wa miaka 4 ataelewa nini? Mimi niliwatazama kwanza kama kamba haikuwaumiza, kisha nikauliza, "Mlikuwa mnacheza nini?" Mkubwa akanieleza vizuri kabisa: walikuwa wanajenga nyumba, vitenge ndiyo kuta, na mkaa ni wa kuchora madirisha. Ukianza na "Nani kafanya hivi?" mtoto anaingiwa na hofu, anamsukumia mwenzie, na wewe huujui ukweli wa jambo unalokwenda kulisema kwa mama yake.

Piga picha kabla hujaokota chochote. Piga doa, piga mchaniko, piga na mahali penyewe kwa mbali. Picha yangu ya mbali ilinionyesha jambo ambalo sikulipenda: nilifunga kamba chini mno, mtoto wa miaka 6 anaifikia bila kunyoosha mkono. Hilo ni langu, na nililiingiza kwenye hesabu.

Kisha okoa kinachookoka. Tope la kwenye nguo usilifikiche likiwa bichi, linazama kwenye nyuzi. Liache likauke, likung'ute kwa brashi, ndipo uloweke kwa maji baridi na sabuni. Mkaa nao ukung'ute ukiwa mkavu, ukiupitishia kitambaa chenye maji umeutandaza. Jik usiisogeze kwenye kitenge hata kidogo, inakula rangi na hapo hasara imekuwa ya mikono yako mwenyewe. Ile doti ya tano ilitakata kwa maji mawili. Iliyochanika ilichanika katikati ya kitambaa, na hata ningeikata kwa ujanja gani, gauni lisingetoka.

Kama mali ni ya mteja, usingoje mazungumzo na jirani. Hili nalisisitiza kwa mafundi wenzangu, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Sare ya harusi lazima chapa ifanane, na chapa ikiisha dukani imeisha. Jioni ile ile nilimpigia mteja nikamweleza kama ilivyokuwa, nikachukua kipande cha kuonyeshea, nikaenda dukani nikanunua doti nyingine kwa shilingi 18,000 za mfukoni mwangu na kuomba risiti. Mteja alikupa wewe kitambaa chake, hakumpa jirani. Wewe ndiye wa kumjibu, halafu ndipo ukadai unakodai.

Sasa kwenda kwa mama yao. Nenda siku hiyo hiyo, kabla hajasikia kwa wapangaji wengine, maana likimfikia kwa midomo ya watu litamfikia limeota mapembe. Nenda wewe mwenyewe, usitume mtoto. Usilisemee ukumbini kila mlango unasikia. Na usianze na simu kwa mume aliye safarini. Kumshtaki mwanamke kwa mumewe kabla hujazungumza naye ni kumvunjia heshima, na hatakusahau.

Jirani yangu huuza chapati asubuhi. Jioni anakanda unga, wanawe wanamlilia njaa, si saa ya kumpelekea jambo. Nilingoja wamelala, kwenye saa tatu usiku, nikabisha hodi.

"Mwanangu, nimekuja na jambo, lakini si ugomvi." Nikampa simu aone picha. Nikamwambia kilichotokea, basi. Sikusema wanawe hawana adabu, sikumkumbusha ndoo waliyonitobolea mwaka juzi. Alitazama, akasema, "Mama mkubwa, si watoto hao?" Neno hilo liliniuma. Nilinyamaza kidogo nikamjibu, "Ni watoto kweli, ndiyo maana nimekuja kwako."

Ukifika hapo, taja kiasi. Watu wanasema "utaona mwenyewe cha kunipa", kisha wanaweka kinyongo wakipewa kidogo. Nilimwonyesha risiti ya 18,000. Iliyotakata sikuidai, wala muda wangu wa kufua. Kwa kuwa kamba niliifunga chini, 6,000 nikabeba mimi, yeye 12,000. Hakuwa nazo, na nilijua hana. Tukakubaliana 2,000 kila siku akimaliza kuuza, siku sita. Tuliandika kwenye daftari langu la vipimo, tukatia sahihi wote wawili. Kile kitenge kilichochanika nikampa, kwa sababu anayelipia kitu ni chake.

Alitaka kuinuka awaamshe awachape. Nikamshika mkono. Nilichomwomba ni kwamba asubuhi awalete mlangoni kwangu waseme pole, na mkubwa anisaidie kukunja vitambaa. Walikuja.

Ukikutana na jirani anayekataa kata kata, rudi mara ya pili na mtu mzima anayeheshimiwa pale nyumbani. Ikishindikana, mwenye nyumba. Baada yake ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa: mpelekee picha, risiti na chochote mlichoandika, atawaita wote wawili awasuluhishe. Hasara ikiwa kubwa, kioo cha gari au televisheni, Mahakama ya Mwanzo inapokea madai, lakini uwe tayari kuulizwa mzazi alizembea wapi kuwaangalia wanawe, na upime gharama na siku utakazopoteza. Polisi usiwataje kutishia. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai, na mama akilijua hilo, utakuwa umemtisha bure na umeshamkasirisha.

Fedha yangu ilikamilika Jumatatu iliyofuata, harusi imeshapita, sare zote zimefanana. Kamba nimeihamisha, sasa imefungwa juu kiasi kwamba hata mimi natumia kigoda. Gunia la mkaa tumelitoa uani, liko nyuma ya mlango wa jiko. Na wapangaji wote tumekubaliana: kuanzia alasiri mpaka magharibi uani ni wa watoto, mwenye nguo zake awe ameshaanua.