Mashine ya vitabu vya DAISY ikinyamaza: tafuta kosa kabla ya kuifungua

Kabla ya kupeleka mashine yako ya DAISY (ile inayosoma vitabu vya sauti vya wasioona) kwa fundi wa Birere, hapa Goma, jua kwanza ni nini kilichonyamaza: mashine yenyewe au kitabu. Iwashe. Ikitaja jina la kitabu au kiasi cha betri, spika yake ni nzima. Anza na hatua ya 3.

Hatua ya 1: haitoi hata neno. Ichaji saa nzima kwa waya mwingine, kisha shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 10 hadi 15. Mashine nyingi hujiwasha upya hivyo.

Hatua ya 2: inasikika kwenye spika za masikioni tu. Hapa Goma, shuku kwanza vumbi jeusi la mawe ya volkano. Ndani ya tundu la spika za masikioni mna kibati chembamba kinachosukumwa na pini ya spika hizo. Kikikwama, mashine hudhani pini bado imo, ikazima spika ya ndani. Zima mashine, ingiza na kutoa pini mara 10 huku ukiizungusha taratibu. Ikigoma, pakaa pini alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, rudia, acha ikauke dakika 15. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi. Usiingize sindano kabisa: kibati kikipinda, ni tundu zima la kubadilisha.

Hatua ya 3: mashine inasema, kitabu kimya. Weka kadi ya kumbukumbu ya mashine kwenye kompyuta, fungua folda ya kitabu. Kitabu cha DAISY 2.02 lazima kiwe na ncc.html (orodha ya sura), faili za SMIL (zinazoielekeza mashine sauti ipi icheze) na faili za MP3 (sauti yenyewe), zote pamoja, kila kitabu na folda yake. Kwenye Victor Reader Stream, mojawapo ya mashine hizi, folda hizo hukaa ndani ya $VRDTB. Anayekusaidia kunakili akichukua MP3 peke yake, hutaweza kuruka sura. Akibadilisha majina ya MP3 ili “yaeleweke”, ni mbaya zaidi: SMIL huita sauti kwa jina lake la zamani, haiipati, kitabu kinanyamaza. Angalia pia ukubwa. Saa moja ya sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde ni karibu MB 29. Sura ndefu yenye MB 2 au sifuri haikunakiliwa yote. Nakili upya, na usichomoe kadi kabla kompyuta haijaiachia.

Hatua ya 4: sauti inakatika. Rudia sehemu hiyo mara 3. Ikikatika palepale, faili imeharibika. Ikikatika popote, shuku kadi: itoe, ifute kwa kitambaa kikavu, irudishe. Jihadhari na kadi za bei rahisi zinazodai GB 64 kumbe zina GB 8. Vitabu vya kwanza husoma vizuri, vya baadaye huingia bila kosa lolote kuonekana, halafu havisomeki. Ijaribu kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux ikiwa tupu, maana jaribio huijaza kadi yote. Ikifeli, usiiwekee kitabu tena.

Vitabu vichache tu vikigoma, na faili zake zimekamilika, huenda vimefungwa kwa ufunguo. Hapo hakuna cha kutengeneza: omba maktaba iliyokupa kitabu ikupe faili ya ufunguo ya mashine hiyo.