Mambo ya kuzingatia kabla ya kutatua hesabu za "kubwa kuliko" zenye x kwenye asili

Kabla hujagusa kiasi (sehemu ya juu ya mstari wa kugawa), tazama asili (sehemu ya chini). Katika (x + 1)/(x − 3) ≥ 2, asili ni x − 3, kwa hiyo x haiwezi kuwa 3, maana hatugawi kwa 0. Liandike hilo pembeni mapema. Ukingoja mwisho utalisahau.

Kosa linalokula alama nyingi ni kuzidisha pande zote kwa asili, kama tulivyozoea kwenye milinganyo. Unapata x + 1 ≥ 2x − 6, halafu x ≤ 7, na kwa macho jibu halina kasoro. Sasa jaribu 0: upande wa kushoto unatoa −1/3, ambayo haifiki 2 hata kwa kulazimisha. Chanzo ni kwamba x − 3 ni hasi kwa kila x iliyo chini ya 3, na ukizidisha kwa namba hasi, alama ya ≥ lazima igeuke. Wewe bado hujui x iko upande gani, utaigeuzaje?

Basi usizidishe. Hamishia 2 kushoto ili kulia ibaki 0, kisha unganisha kwa asili moja: (x + 1 − 2(x − 3))/(x − 3) ≥ 0. Mabano hayo usiyaruke. −2 mara −3 ni +6. Ukiandika −6 kwa haraka, kiasi kinakuwa −x − 5 na hesabu nzima inakwenda mrama. Ukifungua sawasawa inabaki (7 − x)/(x − 3) ≥ 0.

Chora mstari wa namba kwa rula, uweke 3 na 7. Kwenye 3 kiduara kinabaki wazi daima, hata alama ikiwa ≥. Kwenye 7 kinajazwa, kwa kuwa hapo kiasi ni 0 na alama inaruhusu usawa. Jaribu namba moja kila kipande: 0 inatoa −7/3, 5 inatoa 1, 10 inatoa −3/7. Tunataka chanya au sifuri, kwa hiyo jibu ni 3 < x ≤ 7.

Usibashiri kwamba hasi na chanya hupishana tu. Katika (x − 2)²/(x + 1) ≤ 0, kipeo cha pili hakigeuki kuwa hasi, hivyo jibu ni x < −1 pamoja na 2, nukta moja iliyojitenga kama kisiwa cha Saanane mbele ya mji wa Mwanza. Wengi huiacha. Na ukifuta (x − 3) juu na chini katika (x² − 9)/(x − 3) > 0, 3 bado imekatazwa: x > −3, isipokuwa 3.

Hesabu ya maneno ina lake. Tuseme gari la kubeba dagaa kutoka soko la Mwaloni, Kirumba, linakodiwa kwa shilingi 90,000, kupakia ni 2,000 kwa gunia, na gharama ya kila gunia isizidi 5,000. Unaandika (90,000 + 2,000x)/x ≤ 5,000, na njia ileile inaleta x < 0 au x ≥ 30. Magunia hasi hayapo, futa kipande hicho. Hapa ungeweza kuzidisha kwa x tangu mwanzo, kwa sababu unajua x ni chanya. Hakiki mpakani: magunia 29 yanatoa karibu 5,103 kwa gunia, 30 yanatoa 5,000 kamili.