Somo: Mombasa siku tatu, watu wawili, kuanzia Tanga

Wengi wetu Tanga tunaijua Mombasa kwa misiba na harusi za ndugu. Mimi na shoga yangu tulivuka kwa matembezi tu, na hivi ndivyo tulivyofanya.

1. Karatasi. Pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Visa hatudaiwi.

2. Mfuko mmoja. Hili nalisisitiza kuliko yote. Kila mmoja alitoa 200,000, zikakaa pochi moja. Nauli, chumba, chakula na viingilio vilitoka humo; leso na zawadi, kila mtu na zake. Usiku tunahesabu pamoja. Niliwahi kusafiri na mwenzangu mwingine bila mpango huu, tukarudi hatusemezani kwa sababu ya nauli ya tuktuk. Safari hii zilibaki kama elfu 60, tukagawana.

3. Njia. Hadi mpakani Horohoro ni kilomita 65 hivi, lami. Mihuri ya kutoka na kuingia inagongwa mahali pamoja. Kisha matatu, yaani daladala za Kenya, kutoka Lunga Lunga upande wa pili hadi kivuko cha Likoni. Kivukoni, mwenda kwa miguu halipi kitu.

4. Matembezi. Anzeni na ngome ya Fort Jesus asubuhi, jua halijawa kali. Wareno walianza kuijenga 1593. Waomani waliitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Waingereza wakaigeuza jela. Msitoke kabla ya kuona michoro ya vyombo vya baharini na watu waliyoiacha askari wa Kireno ukutani. Nilisimama pale hadi mwenzangu akanivuta mkono: mtu yuko mbali na kwao, anachora chombo cha kumrudisha.

Kutoka hapo ingieni Mji wa Kale kwa miguu, mtazame milango ya nakshi na Msikiti wa Mandhry. Tegeni masikio pia. Mama wa mahamri alituita, "Ndooni!" Mwenzangu akatafuta ndoo ya maji, kumbe ni "njooni" kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Tukakaa, tukala na mbaazi za nazi.

Jioni ni Mama Ngina, uwanja wa kupunga upepo kando ya bahari: mihogo, madafu, na meli zinazoingia bandari ya Kilindini zikipita karibu kabisa. Hakuna kiingilio.

MASWALI

Dada, pesa nibadilishe wapi?
Mjini, benki au duka la fedha. Mpakani badilisha ya nauli tu, na uhesabu mwenyewe kabla ya kuachia yako. Sisi shilingi 1 ya Kenya ilitugharimu karibu 20 za kwetu.

Chumba mlipata kwa ngapi? Wanawake wawili ni salama?
Gesti ya kawaida, 2,500 za Kenya kwa usiku, vitanda viwili. Tulikagua kitasa na maji kabla ya kulipa. Saa tatu usiku tulikuwa ndani.

Kiingilio cha Fort Jesus ni sawa na cha Wazungu?
Hapana, Afrika Mashariki tuna bei yetu, ya chini. Nendeni na pasipoti mkononi. Sisi tuliiacha gesti, ikabidi turudi kuifuata.

Mwanangu ana miaka 4, aingie kwa pasipoti yangu?
La, mwanangu. Naye anahitaji hati yake. Nenda Uhamiaji mapema, usingoje wiki ya safari.

Naweza kubeba vitu kwenye mifuko ya rambo?
Usithubutu, Kenya waliipiga marufuku tangu 2017. Beba kikapu cha ukindu.