Bango la afya ya akili: mchore mtu, usichore ugonjwa

Dodoma tumekulia na tusi moja. Ukicheka peke yako njiani, ukivaa viatu visivyofanana, utasikia tu: "Huyu wa Mirembe." Mirembe ni hospitali ya afya ya akili, ipo hapa mjini tangu 1927, na watu wengi hulijua jina lake kama kashfa kabla ya kulijua kama mahali pa kutibiwa. Kaka yangu mkubwa amewahi kulazwa mara mbili kwa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo. Mimi ni mbunifu wa michoro, kazi zangu za kila siku ni kadi za harusi, lebo za asali na mabango ya mikutano. Naandika haya kwa yeyote aliyepewa kazi ya bango la kupinga unyanyapaa, maana kila inapokaribia Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, naona tukirudia makosa yaleyale niliyoyafanya mimi.

Bango langu la kwanza nilipakua picha ya kijana aliyejikunyata kwenye kona ya chumba chenye giza, kajishika kichwa kwa mikono miwili. Juu yake nikaweka maandishi mekundu: "Ugonjwa wa akili unatibika." Nikamwonyesha kaka kwenye simu. Aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, huyu kafanya nini?"

Yeye aliona mtuhumiwa. Nilipoitazama tena kwa macho yake, nami nikamwona mtuhumiwa.

Picha ile ya kujishika kichwa imezagaa dunia nzima. Uingereza, kampeni ya Time to Change, iliyofanya kazi kuanzia 2007 hadi 2021, iliwasihi wahariri waachane nayo na ikawapa picha nyingine za kutumia bure. Sababu ni hiyohiyo ya kaka: inamwonyesha mgonjwa siku yake mbaya kuliko zote, kisha inatuambia ndivyo alivyo.

Kabla ya kufungua kompyuta

Kaa na mtu aliyeupitia ugonjwa. Usimuulize ugonjwa ukoje, muulize siku yake ikoje. Anaamka saa ngapi, anafanya kazi gani, nani humkumbusha dawa, anapenda kula nini. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi za unyanyapaa, akiwamo Patrick Corrigan wa Marekani mwaka 2012, walikuta kwamba kwa watu wazima, kukutana ana kwa ana na mtu anayeishi na ugonjwa na kuendelea na maisha yake hubadili mitazamo zaidi ya kusomeshwa. Bango haliwezi kuwa mkutano, ila linaweza kuukaribia kama aliye pichani ni mtu kweli, mwenye shughuli zake.

Kaka analima zabibu Hombolo. Nilimfuata msimu wa kupogoa. Picha tuliyoichagua haina uso: ni mikono yake miwili, mkasi wenye kutu kwenye skrubu, udongo mwekundu ndani ya kucha, na tawi la mzabibu lililoachiwa macho mawili tu ili lichipue upya. Maneno aliyasema yeye, mimi niliyapanga tu: "Nina skizofrenia. Leo napogoa."

Kuhusu uso, naomba unisikilize vizuri. Mtu asipotaka uso wake uonekane, usimfifishe wala usimwekee ule mstari mweusi machoni. Msomaji wa Kiswahili ameshauzoea mstari ule kwenye picha za watu waliokamatwa. Piga mikono, mgongo, viatu mlangoni, kikombe chake cha chai. Akikubali uso, mwandikie ridhaa kwa Kiswahili, taja bango litakapobandikwa, na mwambie wazi kwamba likishaingia kwenye makundi ya WhatsApp hutaweza kulirudisha. Usimwombe akiwa wodini au siku zake nzito. Subiri atulie, mpe wiki nzima, kisha muulize tena.

Usivyopaswa kuchora

Kamba, rundo la vidonge, daraja: viache kabisa. Shirika la Afya Duniani huvionya vyombo vya habari visionyeshe njia wala mahali pa kujiua, kwa sababu kuna watu huiga, na bango lako lina wajibu uleule.

Minyororo ni swali gumu zaidi. Ni kweli wapo wanaofungwa majumbani, na wanaotetea haki zao wana sababu ya kuonyesha ushahidi. Lakini kwenye bango la mtaani, jirani akiona mnyororo hasemi "ameonewa". Husema, "angekuwa si hatari, wasingemfunga."

Ubongo uliovunjika vipande au uliojaa nati na bolti nao niliupenda zamani. Tafiti zimeonyesha kwamba kuueleza ugonjwa kama hitilafu ya ubongo tu hupunguza lawama, ila huwafanya watu waamini kwamba mgonjwa hatapona. Sijauchora tena.

Rangi, maneno na kanga

Utepe wa kijani ndiyo alama ya afya ya akili inayotambulika nchi nyingi. Itumie, lakini kumbuka upo wapi. Kwetu Tanzania kijani kikikaa pamoja na njano ni CCM, na uchaguzi mkuu wa 2020 na wa 2025 yote ilikuwa Oktoba. Bango lako la tarehe 10 likibandikwa kati ya mabango ya wagombea, mpita njia atadhani nalo ni la chama. Mimi huweka kijani na rangi ya maziwa, kidogo na rangi ya udongo. Na usiamini kijani cha kwenye skrini: rangi nne za mchapaji hazikifikii, kinatoka kimefifia kama sare iliyofuliwa mno. Lipia karatasi moja ya majaribio kabla ya kuchapa mia.

Maneno yawe machache. Herufi yenye urefu wa sentimita 2.5 husomeka vizuri kutoka mita 3 hivi, kwa hiyo libandike ukutani, rudi nyuma hatua nne, soma. Andika "mwenye sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, au "anayeishi na skizofrenia". Usiandike "kichaa" hata kwa nia ya kulikanusha neno hilo, kwa sababu ndilo litakalobaki kichwani.

Kama bajeti inaruhusu, fikiria kanga kabla ya fulana. Fulana ya kampeni huishia kufanyia usafi. Kanga huvaliwa msibani, hubebea mtoto, hupewa wifi kama zawadi, na tayari ina nafasi tatu ulizotengenezewa na mabibi zetu: pindo, mji na jina. Jina ndilo mahali pa ujumbe wako, na lazima lisikike kama jina la kanga, lisifanane na kauli ya wizara. Tulikaa na mama na shangazi zangu jioni mbili, tukayatupa mengi. Lililobaki ni hili: "Mgonjwa hupewa pole, hapewi jina." Shangazi alicheka, kisha akanyamaza, maana naye aliwahi kumwita kaka jina.

Mstari wa chini

Hapa ndipo nilipokosea vibaya kuliko kote. Bango la mizabibu liliandikwa chini: "Fika zahanati iliyo karibu nawe." Nikaona nijaribu mwenyewe. Nilifika, nesi wa mapokezi akaniambia hapo hawatibu "mambo hayo". Tayari mabango yalikuwa ukutani.

Tangu siku ile sichapi kabla sijatembea mwenyewe hadi pale ninapowaelekeza watu, nikauliza nani anahudumia, siku gani na saa ngapi. Bango lililofuata lilisema: "Jumatano, saa 2 hadi saa 6 mchana, mlango wa pili kushoto." Jumatano ya kwanza alikuja mama mmoja na bango lenyewe mkononi. Alikuwa amelibandua ukutani na kulikunja mara nne, akamkabidhi nesi kama barua ya rufaa.

Sasa sehemu ya chini ya kila bango naikata vipande vyembamba kumi, kila kimoja kina siku, saa na mlango. Mtu anachana chake, anakitia mfukoni bila kumuuliza mtu, anaondoka. Kila Ijumaa napita kuhesabu vilivyochanwa na kubandika bango jipya.