Skripti moja ya kupanga hati, kompyuta yoyote

Kama unaandika kwa LaTeX (mfumo wa kupanga hati kwa amri), acha kurudia amri zilezile kwa mkono. Ziweke kwenye skripti ya sheli (faili la amri zinazoendeshwa kwa mfuatano), na mstari wa kwanza uwe #!/bin/sh, si bash, sheli yenye nyongeza zake yenyewe. Ukibaki ndani ya POSIX, yaani kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, skripti hiyohiyo itaendeshwa kwenye Linux, macOS na FreeBSD bila kuguswa. Maana yake, unapopima masharti, utumie [ ] badala ya [[ ]]. Ijaribu kwa dash, sheli ndogo, maana haina huruma na mazoea ya bash.

Kinachosumbua wengi ni idadi ya mizunguko, yaani mara za kuendesha LaTeX. LaTeX huandika namba za kurasa na za marejeo kwenye faili la .aux, kisha huzisoma mzunguko unaofuata. Ndiyo sababu mara ya kwanza unaona ?? mahali pa namba. Usikisie mara ngapi! Ndani ya kitanzi, nakili .aux kabla ya kuendesha pdflatex (amri inayotoa PDF), halafu linganisha; $f ni jina la hati bila .tex:

cp "$f.aux" "$f.old"
pdflatex -interaction=nonstopmode -halt-on-error "$f.tex" || exit 1
cmp -s "$f.aux" "$f.old" && break

Mafaili yakifanana, namba zimetulia. Weka kikomo cha mizunguko 5 hivi, kwani zipo hati ambazo namba zake huyumba bila kukoma. Endesha pdflatex mara moja kabla ya kitanzi ili .aux iwepo, na biber (programu ya orodha ya marejeo ya vitabu), kama unaitumia, ifuate hapo.

Na zile alama za nukuu kwenye "$f" usiziache kamwe: jina la faili lenye nafasi litakuvurugia kila kitu.