Namna ya kuwa joki wa mbio za farasi Uingereza: kutoka zizini hadi leseni kamili

Watazamaji humwona joki kwa dakika mbili tatu tu, farasi wanapopita mbele ya jukwaa, ilhali riziki yake huamuliwa zizini alfajiri na juu ya mizani. Anayetaka kuifanya kazi hiyo Uingereza, nchi ambako farasi wa jamii ya Thoroughbred, yaani farasi wa mbio, walianza kukuzwa katika karne ya 17 na ya 18, ni vyema ayafahamu mambo hayo mawili kabla ya kuwaza vikombe.

Anza kwa kuupima mwili wako. Katika mbio za tambarare, zisizo na vya kuruka, uzito mdogo kabisa ambao farasi hupangiwa kubeba ni karibu kilo 52, na ndani ya hesabu hiyo mna mpandaji pamoja na tandiko lake. Katika mbio za kuruka viunzi uzito huanzia karibu kilo 64. Kijana ambaye akiwa na afya njema ana kilo 58 asijidanganye kwamba atashuka kwa kushinda na njaa, bali aelekee kwenye viunzi, ambako wenye umbo lake hufanya kazi bila kujitesa. Urefu peke yake si kizuizi: joki Mwingereza Lester Piggott alikuwa na karibu mita 1.73 na alishinda Derby ya Epsom, mbio kubwa ya tambarare, mara 9 kati ya mwaka 1954 na 1983, ingawa alijinyima chakula kwa kiasi ambacho daktari wa leo hangekikubali.

Hatua inayofuata ni shule. Zipo mbili zinazojulikana zaidi, British Racing School iliyoko Newmarket na National Horseracing College iliyoko karibu na Doncaster, na zote hupokea hata mtu ambaye hajawahi kupanda farasi. Leseni ya joki haitolewi kwa aliye chini ya miaka 16. Msomaji aliye Nairobi ana pa kuzoeshea mkono kabla ya safari, kwa kuwa kwenye uwanja wa Ngong, chini ya Jockey Club of Kenya, hukimbizwa farasi wa jamii hiyo hiyo. Hata hivyo, Uingereza atahitaji kibali cha kazi na atapitia hatua zake zote.

Ukitoka shuleni utaajiriwa na mkufunzi wa farasi, na kwa muda mrefu kazi yako itakuwa ya msaisi: kuzoa samadi, kupiga brashi, kukagua miguu na kwato, kisha kupanda farasi mmoja baada ya mwingine mazoezini. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na kwa maoni yangu ni heri wakate tamaa hapa kuliko baadaye.

Ufundi wenyewe hujengwa kwenye mazoezi hayo ya asubuhi. Vikuku vya kukanyagia, vinavyoning'inia kwenye tandiko, hufungwa vifupi sana, mpandaji haketi juu ya tandiko bali huinama akibebwa na miguu yake, na magoti humeza mtikiso wa mnyama wa karibu kilo 500 anayekwenda shoti. Hatamu hushikwa zikiwa zimepishana juu ya shingo, ili farasi akivuta avutane na shingo yake mwenyewe badala ya kuichosha mikono ya mpandaji. Mkufunzi akikuagiza upite kila mita 200 kwa sekunde 15, nawe ukapita kwa 13, umemchosha farasi ambaye huenda angeshinda siku chache baadaye. Uwezo wa kuhesabu mwendo kichwani bila saa ndio unaomfanya mkufunzi amtofautishe msaisi mzuri na joki mtarajiwa.

Mkufunzi akiridhika, atakuunga mkono uombe leseni ya mwanagenzi kwa British Horseracing Authority, mamlaka inayosimamia mbio za farasi nchini humo, ambayo hudai kozi, uchunguzi wa daktari na majaribio ya nguvu za mwili. Ukiipata, utapewa kitu chenye thamani kuliko kipaji chako cha wakati huo, nacho ni punguzo la uzito. Katika mbio za tambarare, mwanagenzi hupunguziwa farasi wake ratili 7, yaani kilo 3 na kidogo, hadi ashinde mara 20; kisha ratili 5 hadi ushindi wa 50, na ratili 3 hadi ushindi wa 95. Katika mbio za maili moja, ratili 7 hukadiriwa kuwa sawa na urefu wa farasi watatu hivi, na ndiyo sababu mkufunzi humpa kijana asiyejulikana nafasi ambayo angempa mzoefu.

Punguzo hilo lina masharti yake. Halitumiki katika mbio kubwa kama Derby, na halina faida ikiwa mwili wako hauwezi kushuka hadi uzito uliopunguzwa: farasi aliyepangiwa kilo 53 atakuhitaji ukalie mizani na tandiko kwa kilo 50 hivi. Tena, punguzo huisha, na wengi waliong'ara wakiwa wanagenzi huachwa mara tu wanapolingana uzito na mabingwa. Kwa hiyo usiridhike kushinda kwa zizi moja tu. Tumia kipindi hicho kuwapandia wakufunzi wengi, ili siku ya ushindi wa 95 wawepo watakaokuita kwa sababu ya mikono yako.

Wa kukutafutia nafasi hizo ni wakala. Joki hulipwa ada kwa kila mbio, ashinde asishinde, na huongezewa sehemu ya zawadi farasi wake akifanya vizuri, lakini humo hutoka malipo ya wakala, safari na vifaa, na mwanagenzi hugawana mapato na mwajiri wake.

Siku ya mbio utapimwa kabla, na utapimwa tena baada ya kumaliza ikiwa farasi wako ameingia kwenye zawadi; ukiwa mwepesi kuliko ulivyopangiwa, vipande vya risasi huwekwa kwenye kitambaa chini ya tandiko. Katika mbio za tambarare mjeledi hauruhusiwi kupita mapigo 6, na ukizidisha kwa mapigo 4 au zaidi farasi hunyang'anywa ushindi. Joki haruhusiwi kabisa kucheza kamari ya mbio za farasi.

Kuhusu chakula, kula kidogo mara kwa mara na epuka kujikausha maji. Dawa za kukojoza zimepigwa marufuku, na vyumba vya joto ambamo majoki walizoea kutoa jasho viliondolewa kwenye viwanja vya Uingereza baada ya janga la Korona.

Kuanguka hakuepukiki, na gari la wagonjwa hufuata kila mbio kwa sababu hiyo. Ukigonga kichwa, mweleze daktari wa uwanja kila unachohisi hata kama umepangiwa farasi mzuri saa moja baadaye, kwa kuwa hutarudi kupanda hadi yeye akuruhusu, na anayeficha kizunguzungu huwahatarisha pia wapandaji walio nyuma yake.