Jinsi ya kupanga meza ya vitabu barabarani kwa kufuata habari na mechi

Kama unauza vitabu barabarani au ndo unataka kuanza, asubuhi kabla hujatandaza turubai sikiliza habari kwanza. Unasikiliza ujue kitabu gani kinakaa mbele leo, maana meza yenyewe ndogo, mtu anapita na haraka zake, anatupa jicho mara moja tu, vile vitabu vitano sita vya mstari wa mbele ndo vinaamua kama atasimama au atapitiliza.

Chukua mfano wa Nobeli ya fasihi, ile tuzo kubwa ya dunia ya waandishi, inatangazwa kila mwaka mwanzoni mwa Oktoba, kwa kawaida Alhamisi. Mwaka 2021 alivyotangazwa mshindi mwandishi Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, vitabu vyake viliadimika kwenye maduka mengi, ikabidi vichapwe upya, na watu wakasubiri. Muuza vitabu vya mtumba mwenye kopi moja chini ya boksi wakati huo ana kitu ambacho duka kubwa halina, ila mpaka akumbuke kwamba anacho! Kwa iyo stoku yako ijue kichwani, jina la mwandishi na boksi lilipo.

Mtu mashuhuri akifariki ni hivohivo. Malkia Elizabeth wa Uingereza alifariki Septemba 2022, Pelé, yule mchezaji mpira wa Brazil, akafariki Desemba 29 mwaka huohuo, na habari kama hiyo ikitoka watu wanataka kusoma maisha ya marehemu siku zilezile. Kitoe kitabu mbele, lakini bei iache palepale, kupandisha bei kwa sababu ya msiba mimi siafiki kabisa. Na usikimbilie kununua mzigo mpya kisa habari ya leo, hamu ya namna hiyo inapoa haraka afu rundo linakubakia we mwenyewe.

Michezo ni nafuu kidogo kwa sababu ina kalenda, unajiandaa mapema. Kombe la Dunia la wanaume linakuja kila baada ya miaka 4, na kuanzia la 2026 timu ni 48 badala ya 32, mechi 104, yani zaidi ya mwezi mzima watu wanaongea mpira tu. Vitabu vya wachezaji na makocha vikusanye miezi kadhaa kabla, wakati hakuna anayevihangaikia na vinapatikana kwa bei ya chini, na vya watoto vyenye picha usivisahau, mzazi anaona mtoto kashika kitabu cha mpira mwenyewe kwa hiari yake, hapo hakatai.

Siku ya mechi kubwa soma mwendo wa watu. Kabla ya mechi wanawahi, wakati wa mechi barabara nyeupe, huo ndo muda wa kufuta vumbi na kupanga upya. Timu yao ikishinda wanarudi polepole, wamechangamka, mtu ananunua hata ambacho hakupanga, ikifungwa waache wapite, usimuulize mtu matokeo. Na ushabiki wako usiuweke mezani, siasa ndo kabisa, maana ukishachagua upande kuna watu hawasimami tena hapo. Sikiliza, uliza swali moja, afu mpe kitabu akishike mkononi. Akikishika umefika mbali.

Sasa jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote ni daftari. Mtu anaweza kusimama kwako muda mrefu anachambua uchaguzi na vita na nani kafukuzwa ukocha, ukajua huyu leo anaondoka na kitabu cha siasa, afu akaondoka na kitabu cha hesabu cha mwanae mwenye mtihani. Ukienda kwa kusikiliza maongezi tu utanunua mzigo wa maongezi. Kila jioni andika vilivyouzwa, siku hiyo kulikuwa na habari gani au mechi gani, mvua au jua, na zaidi ya vyote andika vilivyoulizwa ambavyo hukuwa navyo, hiyo ndo orodha ya kwenda nayo ukifuata mzigo. Hela ya mzigo itenge palepale kabla hujafunga, ukichanganya na ya matumizi haitarudi.

Vya shule angalia toleo na mwaka kabla hujalipia, mtaala ukibadilika kitabu hakiuziki hata kiwe kipya namna gani.

Na kitabu kikikaa mbele siku kadhaa bila mtu kukigusa kirudishe nyuma hata kama habari yake bado inavuma, jua linapausha kava, nyekundu na njano ndo zinatangulia kufifia, na kava likishapauka mteja anaanza kukushusha bei kabla hata hajafungua ukurasa wa kwanza.